Kisutu cha Mama Mdogo Zuhura

Usiku ule nililala nimenuna. Mchana nilikuwa nimegombana na mama kwa sababu ya kisutu, ile kanga ya harusi ya rangi nyekundu na nyeusi, nilichokikuta chini kabisa ya sanduku la marehemu bibi. Mimi ni mbunifu wa mavazi, na nguo za zamani ndizo zinazonipa mitindo. Nikiingia nyumba ya watu, macho hunikimbilia kwenye masanduku. Nilishakichora kichwani: gauni la harusi ya mdogo wangu Mwanaisha, refu, la kuburuta. Doti yenyewe haikuwa imekatwa, vipande viwili bado vimeshikana.

Mama akanipokonya. "Hicho cha Zuhura. Usikiguse." Zuhura ni mdogo wake, aliyefariki harusi yake ikikaribia. Akakirudisha, akafunga sanduku kwa ufunguo.

Basi usingizini niko kiwandani kwangu, kisutu kimetandazwa mezani, nami nakikata. Nakata mkono, nakata kola. Moyo unanidunda lakini mkasi haunisikii. Nikainua macho: bibi amesimama mlangoni, kanga kaifunga kifuani kama alivyokuwa akipika. Nikaanza kuunga vipande haraka haraka. Cherehani inakwenda mbio, uzi haina.

Mara si kiwandani tena, ni chumba cha bi harusi. Nje wanawake wanaimba. Ndani, mkekani, amekaa msichana aliyejisitiri kwa shuka tu. Namjua kwa picha ya ukutani kwetu. Ni mama mdogo Zuhura. Ananitazama mikononi.

"Mnanivisha lini?"

Niliogopa, wallahi, sijawahi kuogopa vile. Vipande nikavificha mgongoni, nikamgeukia bibi aliyekuwa nyuma yangu. "Bibi, nisamehe, nimekiharibu."

Bibi akavichukua bila haraka, akavikunjua, na kisutu ni kizima, doti imeshikana vilevile. Akaniwekea mkasi kiganjani, wa baridi.

"Gauni sitaki. Pasua katikati, pinda, mdogo wako avae kama tulivyovaa sisi. Na mwambie mama yako, mwanangu amechoka kukaa sandukuni."

Nikazinduka jasho linanitiririka, adhana ya alfajiri inaadhiniwa. Nilimkuta mama anatandika mswala. Hata shikamoo sikutoa, nikamweleza yote nikijua huenda akanifukuza.

Mama akauacha mswala nusu umekunjuka. "Alisema amechoka?"

"Ndiyo, mama. Kwa maneno hayohayo."

Aliswali kwanza. Kisha akaenda kufungua sanduku, akakitoa kisutu, akashika pindo moja na kunipa la pili nilivute.

"Zuhura yule hakuwa na subira, hata hina hakuweza kungoja ikauke," akasema, machozi yakimtoka. "Nami nimemngojesha miaka yote hii. Kata, mwanangu."