Nilipiga hodi Kingston, Jamaica, nikajibiwa

Wakuu, salama humu ndani?

Mie si mtu wa kuanzisha nyuzi. Ni msomaji tu, yule wa kupita kimya kimya na kuchekea pembeni. Ila hili limenikaa kifuani tangu nirudi safari na mke wangu ameshachoka kulisikia, kwa hiyo nawaletea nyinyi.

Nitalisimulia kama lilivyokuwa. Chumvi siongezi, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini mara hii chumvi naiogopa hata kuionja.

Mie ni Mpemba. London nina mwaka wa kumi na nane, naishi Hayes, nafanya kazi warehouse moja karibu na airport. Mizigo inashuka, sie tunaipanga. Kazi ya mgongo.

Hapo kazini nilikuwa na rafiki Mjamaika, jina lake Lloyd. Alinizidi umri kama miaka kumi na tano. Mrefu, mpole, kofia ya sufu haivui hata Julai, joto la huku. Aliniita Zanzi. Nilimweleza mara nyingi kuwa natoka Pemba, na Pemba si Unguja, ananisikiliza vizuri kabisa halafu anajibu "Yes, Zanzi." Nikaacha.

Sasa hapa naomba msiruke.

Tulikuwa na kijichumba cha kunywea chai, mlango wake unafungwa muda wote kwa sababu ya baridi. Lloyd alianza shift mapema kuliko mie, kwa hiyo nikifika yeye yumo ndani. Na mie nilivyolelewa siingii mahali penye mtu bila kupiga hodi, hata kama ni chumba cha wafanyakazi wote. Wenzangu walikuwa wananicheka, wala sikujali.

Kila siku: "Hodi!"

Na kila siku Lloyd anajibu kutoka ndani: "Dagtai!" Halafu anacheka peke yake.

Sikujua maana yake. Nilidhani ni salamu yao. Wiki ya kwanza niliona haya kuuliza, na mnajua mambo haya yalivyo, usipouliza wiki ya kwanza, mwaka wa tano huwezi tena. Tulikwenda hivyo miaka minane. Hodi, dagtai. Hodi, dagtai.

Kitu kingine kilichotuunganisha ni mbaazi. Siku moja mke wangu alinifungia mbaazi za nazi, Lloyd akasikia harufu, akaja akachungulia kibakuli changu, akakaa kitako. Akasema kwao zinaitwa gungo, na mama yake anazipika pamoja na wali wa nazi. Alikula nusu ya chakula changu bila kusema neno lingine. Tangu siku hiyo mke wangu akawa anafunga vibakuli viwili.

Kisha figo zikamshinda. Dialysis mara tatu kwa wiki, kazi akaacha, safari ya mbali ikawa haiwezekani. Mama yake, Miss Icilda, yuko Kingston, ana miaka themanini na sita na miguu imekataa. Huyu hawezi kwenda, yule hawezi kuja. Wakawa wanaonana kwenye simu tu.

Winter iliyopita akalazwa. Nikitoka kazini napita wodini. Pale hakuna mlango, kitanda kimezungushiwa pazia, lakini mie nasimama nje ya pazia vile vile. "Hodi!" Naye kwa sauti iliyokwisha: "Dagtai."

Siku moja mchana akanitumia message: "Zanzi, pass early today. Bring the gungo."

Nilikuwa nimebakisha pallet mbili za mizigo. Nikasema ngoja nizimalize. Kisha nikapita nyumbani, nikasubiri mbaazi ziive, maana sikutaka kumpelekea za jana. Kisha basi likakwama kwenye foleni.

Nilifika kibakuli bado cha moto, nimekifunga na taulo. Pazia limevutwa. Nikapiga hodi.

Kimya.

Nikapiga tena. Akatoka nesi akanishika bega. Lloyd alikuwa ameondoka, hata nusu saa haijatimia.

Nilirudi Hayes na mbaazi zangu. Mke wangu alikipokea kile kibakuli, akasikia uzito wake, akaelewa.

Tukamzika huku huku London. Mama yake aliyaona mazishi kwenye simu.

Miezi ikapita, dada yake Lloyd, Paulette, ambaye ni mwalimu huko Kingston, akanipigia. Mama anataka kofia ya mwanawe na Biblia yake, ila hataki posta. Anataka viletwe na mtu. Nikachukua annual leave.

Basi tuje Kingston sasa.

Wakuu, ukitoka airport barabara imepita kwenye kipande chembamba cha ardhi, maji huku na maji huku, na mbele yako mji umekaa chini ya milima. Milima ya kweli, ya kijani iliyoelekea kuwa samawati. Joto likanipokea kama ndugu. Nilivua jaketi la Hayes nikaliweka kitini na sikuligusa tena mpaka siku ya kurudi.

Watoto wa shule wa kiume wamevaa kaki, mistari ya pasi imenyooka. Pembeni mwa barabara mapipa yamepasuliwa katikati yanatoa moshi, kuku wanachomwa humo. Muziki unatoka kila upande na hakuna anayemwambia mwenzake apunguze. Dukani mtu akiingia anawasalimia wote waliomo, "Good morning," na wote wanaitikia. London unaweza kukaa na jirani miaka kumi ukamjua kwa kikohozi chake tu.

(Kwa yule ambaye tayari vidole vinamwasha aulize kuhusu bangi: harufu niliisikia, mwenye nayo sikumtafuta. Tuendelee.)

Paulette ndiye aliyenipokea airport. Tukiwa kwenye gari lake akapunguza mwendo.

"Mr. Zanzi, kuna jambo. Mama anajua ulikuwepo."

"Nilikuwepo wapi, dada?"

"Siku ile. Nilimwambia ulimshika mkono Lloyd mpaka mwisho. Mama alikuwa halali, anauliza kila saa kama mtoto wake amekufa peke yake. Nikamwambia hivyo, akalala. Akikuuliza, tafadhali, sema hivyo hivyo."

Nilimwelewa kabisa. Nikamwambia nitasema.

Tukafika. Nyumba ndogo, imepakwa rangi ya maji ya ndimu, uzio wa mabati, geti limerudishwa. Paulette alibaki nyuma akihangaika na sanduku langu. Mie nikajikuta getini peke yangu, na mdomo haukuniomba ruhusa.

"Hodi!"

Kutoka ndani ikaja sauti ya kizee, nyembamba lakini kavu:

"Dagtai! Come, come!"

Neno lile lile la Lloyd, wakuu. Nilishika geti.

Paulette akaja nyuma yangu anacheka. "Nani kakufundisha kusema hold dog?"

Ndipo nikaelezwa. Kwao mgeni akifika getini haingii kimya. Anaita "Hol' dawg!" Yaani shikeni mbwa, nisiumwe. Na mwenye nyumba kama ameshamfunga anajibu: "Dog tie!" Mbwa amefungwa, ingia.

Hodi. Hol' dawg.

Kumbe miaka minane kila asubuhi, huko Hayes kwenye baridi, Lloyd alikuwa anasikia mtu anaita getini kwa mama yake, naye anamkaribisha. Na mie mwenyewe nilikuwa sina habari. Nilianza kucheka pale getini, kicheko kikageuka kilio, na sikuwa na leso.

Miss Icilda alikuwa amekaa kwenye kiti cha veranda, mdogo wa umbo, macho ya Lloyd yale yale. Nikampa kofia. Aliinusa, akaiweka mapajani, na kwa siku nne nilizokaa pale sikuona imetoka mapajani ila wakati wa kulala.

Nilipotulia nikamuuliza huyo mbwa yuko wapi, maana sikuona hata kivuli chake.

"Alikufa zamani," akasema. "Hata Lloyd alikuwa bado hajaenda London."

"Sasa mbona mnasema amefungwa?"

Akaniangalia kama nimeuliza swali la kitoto. "Ili mtu aingie."

Chakula sasa, maana najua kuna waliokuja kwa ajili ya hiki tu.

Kwanza alinionesha sufuria. Mpya, stika bado imeganda chini. Lloyd alishamwambia kwenye simu, miaka hiyo yote, kuwa ana rafiki yake wa Zanzibar hali nguruwe. Kwa hiyo mama yule na miguu yake mibovu alimtuma Paulette sokoni akanunue sufuria ambayo nyama ya nguruwe haijawahi kuingia. Nyama hakuninunulia hata kidogo, alisema hana uhakika na mchinjaji, basi nikala samaki siku zote nne.

Asubuhi waliniletea kitu cha njano nikadhani mayai ya kuvuruga. Kumbe ni tunda, linaitwa ackee, linapikwa na samaki wa chumvi. Ulaini wake unakudanganya mpaka unapokutana na pilipili. Pembeni callaloo, ambayo kwangu mie ni mchicha uliobadilisha jina. Kuna bammy, mkate wa muhogo, unakaangwa unakuwa mkavu nje na laini ndani. Niliuona nikamkumbuka marehemu mama yangu na mihogo yake.

Lakini kilichonimaliza ni shelisheli. Wao wanaliita breadfruit. Paulette alilitupa kwenye makaa likaungua ganda jeusi, akalimenya, likatoka moshi. Sijala shelisheli la kuchoma tangu niondoke Pemba. Nilikula nimeinamisha kichwa ili wasinione uso.

Na kadiri walivyonilisha ndivyo ule uongo ulivyozidi kuniwia mzito. Kila mara mama yule akivuta pumzi, nilidhani sasa ananiuliza.

Aliniuliza Jumapili.

Walitoka kanisani, akapika mwenyewe, amekaa kwenye kiti mbele ya jiko. Wali wa nazi na mbaazi. Gungo. Nilionja kijiko cha kwanza, na ilikuwa ile ile ladha ya kibakuli changu cha Hayes, imezidi majani ya thyme tu. Tulipomaliza, Paulette akaanza kuosha vyombo. Miss Icilda akaigeuza kofia mapajani.

"Zanzi. Mwanangu alikuwa na nani?"

Nilimtazama Paulette mgongoni. Maji yalikuwa yanatiririka, lakini mikono yake ilikuwa imesimama.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni tayari. Nilimshika mkono, mama. Maneno matatu tu. Nimelishwa kwenye sufuria iliyonunuliwa kwa ajili yangu, ladha ya mbaazi zile bado imo mdomoni, na sikuweza.

Nikamwambia, "Mama, nilichelewa."

Nikamwambia yote. Message yake. Pallet mbili. Mbaazi nilizosubiri ziive. Foleni. Paulette alifunga bomba. Nikamwambia nilifika kibakuli cha moto mkononi, na mwanawe ameshaondoka, na sikumshika mkono, na sijui kama kuna aliyemshika.

Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Ulipofika ulifanya nini?"

"Nilisimama nje ya pazia nikapiga hodi."

"Kama ulivyopiga hapa getini?"

"Kama hapa, mama. Mara mbili."

"Na hakuna aliyekujibu."

"Hakuna."

Akanyoosha mkono wake, mkavu, mwepesi, akaushika wangu pamoja na ile kofia. Machozi yalikuwa yanamshuka lakini sauti haikutetereka.

"Dog tie, mi son," akasema. "Dog tie. Come in."

Wakuu, mie ni mtu mzima. Nililia pale mezani mpaka Paulette akaja akakaa chini kati yetu, naye analia, anamwomba mama yake radhi. Mama akampiga kofi dogo la begani, akamwambia alikuwa anajua tangu siku ya kwanza, maana Paulette tangu mdogo akidanganya anaongea haraka. Alilala usiku ule si kwa sababu aliamini. Alilala kwa sababu aliona bintiye amechoka.

Nimesharudi kazini. Kile kijichumba cha chai bado mlango unafungwa. Siku ya kwanza nilisimama nje dakika nzima, kisha nikapiga hodi kama kawaida. Kijana mmoja wa Southall aliyekuwemo akauliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu, nimezoea.

Jumapili nampigia simu Miss Icilda. Nasema hodi, ananijibu. Baada ya hapo tunaongea mambo ya kawaida tu, magoti yake na mvua ya huku.

Nilichojifunza: mtu akikuita mapema, nenda mapema. Nenda mikono mitupu. Lloyd hakuwa na njaa siku ile, alikuwa ananiita, na mie nikaenda kuangalia sufuria. Hili nitakaa nalo. Lakini nimejifunza pia kuwa ukweli unaweza kuupeleka kwa mtu unayemwogopa kuliko wote, akaupokea, akakupa na kiti.

Kama na wewe kuna mlango uliufikia umechelewa, usikae na jambo hilo peke yako. Piga hodi hapo chini.

Mbwa amefungwa.