Interview yangu ya scholarship niliifanyia kwenye kibanda cha samaki Busisi

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Wakuu, wiki iliyopita nimevuka daraja la Kigongo kwenda Busisi kwa mara ya kwanza. Kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, tumeshafika ng'ambo. Watu ndani ya gari wakashangilia. Mimi nikageuka kuyatazama maji.

Yale maji yana habari yangu. Leo naiandika kama ilivyotokea, bila chumvi.

Mimi ni mtoto wa Sengerema, vijijini kabisa. Nilipomaliza digrii ya mambo ya maji na mazingira nikabaki Mwanza mjini natembeza bahasha. Nilikuwa naishi kwa mjomba, Kirumba. Ajira hakuna.

Niliyekuwa nahangaika naye ni Koku. Tulisoma darasa moja chuo. Mhaya wa Muleba, binti wa mchungaji wa Kilutheri, kichwa haswa. Huyo ndiye alinifungua macho kuhusu fully funded. Mimi nilijua scholarship ni za watoto wa vigogo.

Kwa wasiojua, fully funded wanakulipia ada, tiketi ya ndege, bima, na posho ya kuishi. Wakikulipia ada tu, ukifika kule utakula mawe.

Tulikuwa tunakaa jioni juu ya miamba ya Capri Point, simu moja, bando la kuchangia. Koku anasoma vigezo kwa sauti kama anasoma somo kanisani, mimi nasikiliza kama kuna mahali nitatupwa nje.

Alikuwa mkali sana. Link ya kwenye grupu la WhatsApp hafungui, mpaka aikute kwenye website ya chuo chenyewe au ubalozi. Wakala akitaja hela ya "processing", anam-block hapo hapo.

Tulibishana hata kuhusu mizigo ya safari ambayo hatujaipata.

"Mimi nitabeba senene," Koku anasema.

"Watakukamata airport na hao panzi wako wa kukaanga."

"Wakionja wataniongezea posho."

Jamani, zile jioni nazikumbuka kuliko hata mahafali yangu. Hatukuwa na kitu, ila tulicheka sana.

Majibu nayo yakawa yanakuja. We regret to inform you. Tena na tena. Koku akayabatiza jina, "salamu kutoka Ulaya". Anafungua email, anasema, "Wanatusalimia tena."

Nyumbani nako Baba alikuwa ameshachoka. Ni mfugaji, alitaka nirudi nisimamie ng'ombe.

"Hakuna anayesomesha mtoto wa mtu bure," aliniambia kwenye simu. "Huyo mzungu anataka nini kwako?"

Na mimi nilikuwa nimeanza kujiuliza hivyo hivyo.

Kisha bibi yangu akafariki, nikaenda Sengerema kuzika. Kijijini mtandao ulikuwa wa kupanda kichuguu, kwa hiyo nikamwachia Koku password ya email yangu. Siku moja baada ya mazishi akanipigia anapiga kelele.

"Umeitwa interview! Kesho mchana! Njoo mjini!"

Chuo hicho tuliomba wote wawili. Nikamuuliza, "Na wewe?"

"Mimi wamenisalimia. Wewe njoo."

Hakusita hata kidogo alivyosema hivyo.

Asubuhi nikawahi Busisi. Nikakuta upepo umechafuka, mawimbi makubwa, kivuko kimesimamishwa, na daraja enzi hizo halikuwepo. Foleni ya malori imenyoosha mpaka huko juu. Nikasubiri weee. Nikaona kabisa Mwanza sifiki.

Pale kulikuwa na mama mmoja anakaanga sato na kuuza ugali, Mama Grace. Nikamwendea.

"Shikamoo mama. Naomba kona ya kukaa, nina mtihani kwenye simu."

"Marahaba. Mtihani wa nini, mwanangu?"

"Wa kwenda kusoma nje."

Akanitazama, akasogeza ndoo ya samaki, akanipa kigoda nyuma ya kibanda. Akageukia wateja wake. "Mnaokula, kuleni kimya. Kuna mtoto wa watu anahojiwa."

Wakuu, wale madereva wa malori walinyamaza kama wako msibani.

Nikaunganisha. Watu watatu kwenye screen. Kiingereza changu kikaanza kujikwaa, nikajibu swali la kwanza kama kasuku. Mara simu ikakata. Bando limeisha.

Nikaona dunia imeisha nayo. Dereva mmoja akaacha tonge lake. "Dogo, washa wifi. Chukua ya kwangu."

Nikarudi hewani, nikaomba radhi. Mama mmoja mwenye mvi kwenye lile jopo akaniuliza niko wapi. Nikageuza kamera. Nikamwonyesha ziwa, foleni, na gugumaji lililojaa ufukweni.

Akauliza, "Hilo gugu linawahusu vipi nyumbani kwenu?"

Hapo nikasahau niliyoyakariri. Nikamweleza jinsi mama yangu alivyokuwa analisukuma kwa fimbo ili achote maji, nami nimeshika ndoo ya pili, na jinsi tulivyokuwa tunaumwa matumbo. Kiingereza kilivunjika ila sikujali.

Niliwekwa reserve. Nikakata tamaa. Baadaye mmoja akajitoa, nikaitwa.

Siku ya kuondoka Baba alikuja uwanja wa ndege Mwanza amevaa koti lake la harusi. Hakusema mengi.

"Wakikufukuza, rudi. Ng'ombe wapo."

Nililia kwenye ndege mpaka jirani yangu akanipa tishu.

Nilichojifunza: ombeni wawili, msiombe peke yenu. Tafuta mtu atakayekusomea vigezo na kukuambia ukweli. Na kwenye interview, kile unachokijua kwa miguu na mikono yako ndicho wanachotaka kusikia.

Koku alirudi Muleba baba yake alipougua. Akawa mwalimu, akaolewa, ana watoto wawili. Miaka yote namtumia link, ananijibu, "Nitaangalia watoto wakilala."

Juzi nilimpigia kumwambia nimevuka kwa daraja. Akacheka.

"Na mimi nimeitwa interview," akasema. "Wiki ijayo. Naogopa, kaka. Wataniuliza nilikuwa wapi muda wote huu."

Sikujua nimjibu nini, kwa hiyo nimekuja kwenu. Kama uliwahi kupata ufadhili ukiwa umekaa nje ya shule miaka mingi, una familia, andika hapo chini ulivyolijibu hilo swali. Nimemwambia Koku ausome huu uzi.