Aliyeingia kwa Server Yangu Sarang'ombe

Cheka tu, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa mtaani kwangu Sarang'ombe, Jumapili mchana jua likiwaka. Nani alikudanganya mizimu hungoja giza?

Ndugu yangu Omondi anaishi Kawangware. Tulikuwa tunajifunza kuandika programu pamoja, server, ile inayopokea wageni, kwa laptop yangu, client, ile inayobisha hodi, kwa yake, ili tutumiane ujumbe. Wiki hiyo mkewe alikuwa amejifungua msichana, na mtoto alikuwa analia tu, hataki titi. Sisi Wajaluo tunajua maana yake: kuna marehemu anataka jina lake. Unataja majina moja moja, ukifikia lenyewe mtoto ananyamaza. Walikuwa wametaja ukoo mzima, wapi! Mama yetu, aliyekuwa huko kusaidia, alikuwa ameanza kulia naye.

Omondi akanipigia simu. Alikuwa amejaribu kuingia kwa server yangu, client yake ikakataliwa. Router nilikuwa nimeipanga vizuri, kwa hivyo nikaangalia programu yangu, nikajitukana. Nilikuwa nimeiambia server isikilize 127.0.0.1, yaani laptop yenyewe tu. Mtu wa nje angebisha mpaka achoke.

Kabla sijagusa kitu, skrini ikaonyesha kuna mtu ameingia. Halafu akaandika: "Mbona hamniiti?"

Nikamwambia Omondi aache mchezo.

"Mchezo gani? Nimeshika mtoto na mikono yote miwili, simu iko kwa bega."

Niamini, nywele zilinisimama. Nilitazama anwani ya aliyeingia: 127.0.0.1. Ndani ya laptop yangu! Na kwa nyumba nilikuwa peke yangu. Nikamwandikia, wewe ni nani?

"Turfosa."

Turfosa gani? Sikuwahi kumsikia. Nikalisema jina hilo hivyo hivyo kwa simu, Omondi akalirudia, na kilio kikakatika. Nikamsikia mama akiuliza ni nani ametuambia jina la Dani, nyanya yetu. Sisi tulimwita Dani, kijijini wakamwita Nyar Alego, yaani binti wa kutoka Alego, na mtoto alipoitwa hivyo alizidi kulia. Jina lake la ubatizo hata mama alikuwa amelisahau.

Nikabadilisha anwani ili server ipokee wa nje pia, nikaiwasha upya. Ujumbe wa kwanza kutoka Kawangware ukaingia: "Ananyonya." Nilipiga vigelegele hadi jirani akagonga mabati.

Sasa Turfosa mdogo anatembea, na akiona laptop yangu anaikimbilia akicheka. Nawe, kama kwenu kuna mimba, waulize wazazi leo majina kamili ya waliotangulia. Msipowaita watajileta wenyewe, na hawapitii mlangoni.