Nyongeza ya Esnah

Jirani yangu wa meza katika soko la Nyakoe, Nyamoita muuza ndizi, ana mkono mgumu wa nyongeza. Ulipe, kisha usimame hapo umefungua mfuko ukingoja akuongezee ndizi mbili tatu, atakutazama tu mpaka uone haya. "Kwani nakujua?" atakuuliza. Urudi wiki ijayo, na nyingine tena, ajue jina lako na akuulizie watoto, hapo ndipo mkono utalegea. Mimi nauza vitunguu na humwongezea hata mpita njia. Nyamoita husema eti naomba urafiki.

Mwanawe wa pekee, Esnah, alikulia nyuma ya meza hiyo. Sasa anasomea uuguzi Hungaria, na tangu baridi ianze huko amekuwa akipiga simu akilia. Darasani wanamsalimu, jioni kila mtu anafunga mlango wake. Wiki iliyopita alimwambia mama yake, "Sema tu nirudi, Mama. Ukisema, narudi."

Siku ya soko Nyamoita alipanga ndizi macho yamevimba. "Mama Momanyi," akaniambia, "leo namwambia arudi. Masomo ni nini mbele ya mtoto?"

Nilikasirika. Nikamwambia amwache msichana amalize. Akajibu kwamba mimi wangu wote nawaona kila asubuhi, kwa hivyo ninyamaze. Ni kweli, nikarudi kupanga vitunguu vyangu.

Simu ililia kabla ya saa sita. Tuliinamia kioo cha simu sote wawili. Esnah alikuwa ndani ya koti kubwa, na nyuma yake niliona meza, kabichi na watu wenye vikapu.

"Uko wapi?" mama yake akauliza.

"Sokoni, Mama. Iko soko hapa kila wiki, nje tu, kama Nyakoe. Kuna mama mzee anauza matufaha. Siku ya kwanza nilinunua, nikalipa, nikasimama na mfuko wazi."

"Ukingoja nyongeza!" nikapiga kelele.

"Eeh, Mama Momanyi! Ananiangalia, namwangalia. Watu kwa laini wakaanza kuguna. Nililia mpaka kwa nyumba."

"Na ukarudi?" Nyamoita akauliza polepole.

"Nilirudi wiki ingine, na ingine. Sikuwa na pahali pengine pa kuenda. Sasa ona leo." Akausogeza mfuko kwenye simu. Juu ya matufaha madogo lilikaa moja kubwa, jekundu. "Hilo sikulinunua. Nimelipa nikageuka niende, akanishika mkono, akaliweka mwenyewe. Halafu akaniuliza jina."

Nyamoita aliziba mdomo kwa leso. Nilimtazama nikisubiri aseme lile neno alilokuja nalo kutoka nyumbani.

"Nyasae, mbuya mono," akanong'ona, akimshukuru Mungu kwa Kikisii. Kisha akakaza sauti. "Wiki ijayo utaenda kwake?"

"Nitaenda. Amesema ataniwekea kitu. Sikuelewa ni nini."

"Basi usikose, mwanangu. Mtu akikuwekea, usimngojeshe."

Neno la kurudi hakulitaja. Simu ilipokatika alilia, nami nikalia naye, mimi nisiyependa upuuzi huo mbele ya wateja. Mwanamume mmoja asiyejulikana akanunua ndizi, na Nyamoita, bila hata kumtazama, akamtupia tatu juu. Mtu wa watu alishangaa, akaondoka haraka kabla hajanyang'anywa.

Jioni kilibaki kichana kimoja, kizuri kuliko vyote, alichokitenga tangu ile simu. Mteja akauliza bei.

"Hicho kina mwenyewe," Nyamoita akamwambia.

"Nani?" nikauliza, maana sikuwa nimeona mtu akilipa.

"Yule mama wa matufaha."

"Mama Esnah! Si kitaoza?"

"Kioze," akasema, akakifunika vizuri kwa jani la mgomba.