Kumtazama Twiga kwa Vipande

Ukienda kuona michoro ya kale kwenye milima ya Kolo, nakushauri usianze kwa kuitazama. Ukifika chini ya mwamba, tafuta jiwe ukae, vua kofia, kunywa chai, piga soga. Macho yaliyotoka juani huona ukuta mtupu tu, na harufu ya pimbi inakufanya utake kuondoka. Baada ya muda ukuta huanza kujipambanua. Pale ni kutu ya jiwe lenyewe, kule ni njia ya maji ya mvua, na hapa, ambapo wekundu umekaa kwa mpangilio, ni mguu wa mnyama. Ukiupata mguu mmoja, tumbo litafuata. Wageni wengi niliowahi kuwapeleka waliona zaidi ya walivyotegemea, mradi tu walikubali kutulia.

Mume wangu hakuhitaji somo hilo. Alizaliwa bondeni chini ya milima hiyo, na utotoni alichunga mbuzi wa baba yake kati ya miamba. Mimi ni Mgogo wa Chamwino, mtoto wa tambarare. Kwetu ukisimama mlangoni unamwona mgeni akija tangu mbali. Milima niliizoea kwa kuolewa. Miaka yote niliyofundisha shule ya msingi, likizo zetu ziliishia huko juu: tunapanda asubuhi, tunatembea kwenye miyombo kutoka mwamba hadi mwamba, tunarudi jioni tukiwa wekundu wa vumbi mpaka kope.

Kisha daktari wa macho akamwambia ana presha ya macho. Matone yangelinda kilichobaki, lakini kilichopotea hakirudi. Watu hudhani ugonjwa huo huleta giza. Kwake uliingia kutoka pembeni, kidogo kidogo, mpaka akawa anaona katikati tu.

"Ni kama nachungulia kwenye bomba," alinieleza tukiwa nyumbani Msalato. Alikuwa amekaa barazani akinigeuzia uso kwa uangalifu, ili niingie ndani ya bomba lake. "Nataka nikamwone twiga kabla halijaziba."

Sikuuliza twiga yupi. Kuna michoro mingi kule, lakini wake ni mmoja.

Tulikwenda mwezi wa sita, nyasi zikiwa zimekauka na baridi ya asubuhi ikiuma masikio. Tulilala kwa dada yake, ambaye bado analima uwele na alizeti chini ya mlima, na asubuhi wifi yangu huyo alisema anakuja nasi. Alijitanda khanga, akachukua chupa ya chai, akaning'iniza begani kibuyu cha maji kilichokuwa cha mama yao. Mwongozaji wa wageni alitukuta njia panda, mama wa makamo aliyevaa buti. Akatuamkia shikamoo zetu zote kwa mpigo, akatangulia.

Kumpandisha mlima mtu anayeona kwa bomba si kazi ngumu kama unavyodhani. Yeye huona mbali vizuri. Asichokiona ni kilicho miguuni pake. Kwa hiyo nilikwenda mbele, mkono wake ukiwa begani kwangu, nami nikataja kila kitu kabla hajakifikia: jiwe, mzizi, korongo, jiwe tena. Baada ya muda tulipata mwendo wetu. Miyombo ilikuwa imepukutisha nusu ya majani, na kati ya matawi tuliiona nchi chini yetu, mashamba ya manjano na makorongo mekundu yaliyochimbwa na mvua za miaka mingi.

"Kaka, zamani ulikuwa unaswaga mbuzi hapa," wifi alisema kutoka nyuma. "Leo mbuzi ni wewe."

"Na wewe ulikuwa ukiona kinyonga unalia."

"Sikuwa nalia! Nilikuwa nakimbia tu na kupiga kelele."

"Ulimwacha beberu wa baba akaliwa na chui kwa sababu ya kinyonga."

"Beberu yule alikuwa mzee. Kama wewe."

Mume wangu alicheka mpaka mkono wake ukatikisa bega langu. Tukafika kwenye mwamba. Ni ubao mkubwa wa jiwe ulioinamia mbele kama paa la banda. Asubuhi uko kivulini, na hiyo ndiyo saa nzuri, kwa sababu jua kali likipiga rangi nyekundu huimeza. Tulimkalisha, tukanywa chai, tukasubiri macho yapoe. Kisha akasimama, akageuza uso kuelekea mahali alipopajua.

"Yuko wapi?"

"Mbele yako," nikasema.

"Mbele yangu kuna ukuta."

Alisogea kushoto, akarudi kulia. Nilimwona akitafuta kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye chumba cha wageni. Nami nilimwona twiga waziwazi, shingo imenyooka, mistari myembamba imejaa ndani ya mwili, na watu wembamba wawili chini ya kifua chake.

Hapo wifi akaondoa kizibo cha kibuyu. "Ana kiu, ndiyo maana hajitokezi," akasema. "Tangu watoto waache kuchunga huku nani anamnywesha? Subiri, kaka."

Niliwahi kusikia habari hizo, ila sikuwahi kuziona. Watoto wachunga mbuzi walikuwa na desturi yao. Kila aliyefika hapo alijaza maji mdomoni akampulizia twiga, na papo hapo wekundu ukaruka kutoka kwenye jiwe, mbichi kama nyama. Waliita kumnywesha. Waliamini kwamba picha zinafifia kwa sababu ya kiu.

Mwongozaji alikuwa ameshasimama kati ya wifi na ukuta. "Mama, hapana. Nakuomba."

"Ni mafunda mawili tu. Huyu macho yake yanakwisha. Hatarudi tena hapa."

Mume wangu alikuwa amesimama mikono ikining'inia, na nilijua kabisa anataka yale maji. Nilijua pia kwamba nikisema "puliza," mwongozaji yule peke yake asingeweza kutuzuia sisi watatu. Nami nilitaka aone. Sijawahi kutaka kitu kwa ajili yake kama nilivyotaka hicho.

Mwongozaji hakugomba. Alimshika wifi mkono akampeleka upande wa nyuma wa twiga, mahali palipokuwa na utando mweupe kama chokaa. "Miguu ya nyuma ilikuwa hapa," alisema. "Maji yakikauka yanaacha chumvi ya jiwe juu ya rangi. Kila mara kidogo, mpaka inafunika. Hata mimi nilimnywesha nikiwa mtoto. Sote wa huku tulimnywesha."

Wifi alitazama utando ule kwa muda mrefu. "Kwa hiyo tulikuwa tunamfuta."

"Mlikuwa mnamwonea huruma, mama."

Alirudisha kizibo. Mume wangu akashusha pumzi. "Basi," akasema, "nipelekeni karibu."

Hapo ndipo nilipoelewa shida yake, na pengine itamsaidia mtu mwingine mwenye mgonjwa wa namna hii. Akiwa mbali, bomba lake lilibeba twiga mzima, lakini wekundu ulikuwa hafifu mno kwa macho yake. Akisogea karibu, aliuona wekundu, lakini kipande cha upana wa kiganja tu. Hakukuwa na umbali wa kumpa vyote viwili. Kwa hiyo tukaanza na kipande. Nilisimama nyuma yake, mikono kiunoni mwake, pua yake ikiwa mbali na jiwe kiasi cha mkono mmoja.

"Unaona mstari?"

"Naona."

"Ufuate juu. Taratibu. Huo ni mgongo. Sasa unapinda."

"Unapinda. Shingo hii!"

"Panda nayo."

Alipanda nayo. Akalikuta sikio, akalipoteza, akalikuta tena. Akashuka kifuani, akawakuta wale watu wawili, akakaa nao muda mrefu. "Huyu ameshika kitu," alisema. "Sikujua kama ameshika kitu. Tulikuwa tunapuliza, tunashangilia, tunakimbia." Ni kitu gani, hakuna anayejua kwa hakika. Waliochora waliondoka bila kutuambia, na kilichobaki ni udongo mwekundu uliosagwa na mkono uliojua kunyoosha mstari.

Alipomaliza aligeuka. "Vipande ninavyo. Lakini bado sina twiga."

Alifikiri kidogo, kisha akatupanga. Dada yake akasimama pembeni ya kichwa, mimi nikasimama ambapo mwongozaji alionyesha mkia ulipokuwa, sote bila kugusa jiwe. Yeye akarudi nyuma hatua kwa hatua, mwongozaji akimshika kiwiko, mpaka sote wawili tukaingia ndani ya bomba. Khanga ya wifi ilikuwa ya manjano na gauni langu la kijani, na rangi hizo aliziona bila taabu. Akatazama kutoka kwake hadi kwangu, akarudi.

"Ameishia hapo?"

"Hapa hapa," nikasema.

"Mbona mdogo hivi! Mimi siku zote nilijua ni mkubwa kama nyumba."

"Hajapungua," dada yake akamjibu. "Sisi ndio tumenenepa."

Hakucheka safari hii. Alinyoosha kidole hewani, akaanza kuchora kutoka kwa dada yake kuja kwangu: sikio, shingo, mgongo, akiunganisha kwa kidole vile alivyoviona karibu. Alipofika kwenye miguu ya nyuma hakusita. Aliichora yote miwili mpaka chini.

"Msisogee," alisema. "Nimemwona. Kaeni hivyo hivyo kidogo."

Tukakaa hivyo hivyo, miguu ikituuma, mpaka jua likaanza kuugusa ukingo wa mwamba.