Waya Ulipochomolewa

Kazini walimwita Mama Kipimo, na jina lenyewe alilipenda, asikudanganye mtu. Kwa miaka kumi na tisa alipima jinsi kompyuta zinavyopelekeana data: mfumo endeshi huu, yaani programu inayoiendesha kompyuta, unasukuma kiasi gani kwa sekunde, ule unakwamia wapi. Namba ikishatoka kwake, basi, hakuna aliyeuliza tena.

Mtandao mpya wa hospitali aliupima juzi, akasaini ripoti: kasi ya gigabiti tisa kwa sekunde. Leo saa sita kamili mchana laini ya zamani ingezimwa, na picha za wagonjwa walio mezani kwa upasuaji zingepita kwenye mpya, hadi kwa daktari bingwa aliye jengo la mbali.

Ilipofika saa sita kasoro dakika kumi, alikuwa chumba cha mitambo akirudia kipimo kwa kujifurahisha tu. Hakutaka kubeba kompyuta mbili, hivyo, kama juzi, alitumia moja yenye kadi mbili za mtandao: waya unatoka kadi ya kwanza, unazunguka hadi jengo la pili, unarudi kadi ya pili. Ujanja wake mwenyewe, na aliuringia!

Nyuma ya kabati alikuwepo shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa nyaya.

“Usiguse waya huo, shemeji, napima!”

“Mbona nimeshauchomoa kitambo? Nabandika lebo.”

Mama Kipimo akatazama skrini. Tisa. Tisa. Tisa nukta moja.

“Makubwa! Mtandao wako unakwenda kwa imani,” shemeji akacheka.

Mama Kipimo hakucheka. Kumbe! Mfumo endeshi ulipoona anwani za kadi zote mbili ni zake, haukuona haja ya kutuma kitu nje. Data ilizunguka humo humo tumboni mwa kompyuta. Hata juzi waya haukupitisha kitu.

“Huenda mtandao uko sawa tu,” shemeji akanong'ona, kicheko kimemkauka. “Nyamaza. Ukisema, unga umemwagika, wako na wangu.”

Aliogopa, jamani. Kurudia kipimo vizuri kulitaka nusu saa, naye alikuwa na dakika sita. Akapiga simu chumba cha upasuaji, vidole vikakosea namba mara mbili.

“Daktari, msizime laini ya zamani. Ripoti yangu si sahihi.”

“Si wewe uliyeisaini?”

“Ni mimi. Nimekosea.”

“Sasa mtandao mpya una kasi gani?”

“Sijui, daktari.”

Akamsikia daktari akipiga kelele mbali na simu: “Mwambieni fundi wa laini asizime! Asizime! Huku kifua cha mtoto kimeshafunguliwa!”

Mama Kipimo akakaa chini sakafuni, simu bado sikioni.