Chale Kwenye Mkono wa Mama

Mdomo ninao, Rangwe nzima inajua. Lakini siku niliyouhitaji kweli, uliniangusha.

Mama alikuwa amekatwa titi moja kwa sababu ya kansa. Siku ya kuruhusiwa, nesi, mgeni asiyejua Dholuo, aliniita nitafsiri Kiswahili chake kwa kuwa nilikuwa nasoma. "Waambie, mkono wa upande wa titi lililokatwa usichanjwe chale. Ukivimba, mrudisheni hapa." Baba alikuwa amesimama pale, pamoja na mama yake, tuliyemwita Dana. Jamani, ningetajaje titi la mama mbele ya baba? Kwetu msichana hathubutu. Nikawaambia, "Anasema Mama apumzike." Nesi akaridhika.

Haukupita muda mrefu, mkono ukavimba, hata sufuria Mama hawezi kuinua. Dana akamwita jirani yetu, fundi wa kuumika, anayechanja ngozi kwa wembe kisha anabandika pembe ya ng'ombe kunyonya damu mbaya. Wengi aliwaponya migongo, na hakuwa mtu mbaya.

Nilisimama mlangoni. Nikisema, watajua nilificha. Nisiposema, je?

"Dana," nikaanza.

"Nini?"

"Maji yamechemka."

Maji! Hadi leo najichukia kwa hayo maji. Mama akakunja uso kidogo, wembe ukapita.

Siku ya tatu mkono ulikuwa mwekundu na wa moto, Mama akitetemeka, akiita majina ya watu waliokwisha kufa. Baba akampakia kwenye baiskeli, yeye akisukuma, mimi nikimshikilia kwa nyuma. Njia nzima niliomba Mungu asife, halafu nikaomba pia nesi yule asiwe kazini. Niliomba yote mawili, haki ya Mungu.

Alikuwa kazini. Akaziona chale, akanigeukia. "Wewe! Uliwaambia au hukuwaambia?"

Baba akanitazama, hakuelewa kitu.

Mama akafumbua macho. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia dagaa wa omena. "Sista, mtoto alisema. Alisema muzuri sana. Ni mimi nilisahau."

Alikufa kesho yake asubuhi. Nesi alimweleza Baba katazo lile na maneno ya Mama kupitia mtu mwingine, na mpaka Baba naye anazikwa aliamini kwamba nilimnong'oneza Mama peke yake, na mkewe akasahau. Sikumsahihisha.